Kinga Wakati wa Ngono ya Mdomo: Kondomu, Kiwambo na Mkasi

Wapo wasiokosa kondomu hata siku moja, lakini ikifika zamu ya mdomo huiweka pembeni kwa hoja kwamba VVU haviambukizi kirahisi kwa njia hiyo. Hoja ina ukweli: uwezekano ni mdogo sana, ingawa haujafutika. Tatizo ni yale mengine. Kisonono hukaa kooni, mara nyingi bila maumivu wala dalili, na kukitibu huko ni kugumu kuliko kukitibu sehemu za siri. Kaswende, klamidia, malengelenge ya sehemu za siri na HPV (virusi vinavyoleta masundosundo na saratani) nazo hupita mdomoni. Mdomo ukigusa njia ya haja kubwa, ongeza homa ya ini A na vijidudu vya kuhara.

Kwa uume, kondomu ya nje (ya kiume) inatosha. Isiyo na kilainishi au yenye ladha ndiyo rahisi. Ile ya kawaida haidhuru, ila ladha yake inakera. Epuka yenye nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume, kwa sababu hutia ganzi ulimi na kuchubua utando laini. Zilizotengenezwa kwa utumbo wa kondoo zina vitundu vinavyopitisha virusi, kwa hiyo hazifai hapa. Soma tarehe ya mwisho, kisha bonyeza pakiti: usiposikia kijimto cha hewa ndani, imetoboka. Ifungue kwa vidole, si kwa meno.

Ivalishwe kabla mdomo haujagusa, si pale mwanamume anapokaribia kumwaga, maana majimaji ya mwanzo nayo hubeba vijidudu. Bana chuchu ya kondomu kutoa hewa, ikunjue hadi shinani. Ikigoma kukunjuka, umeiweka kinyume. Usiigeuze, itupe, upande utakaokuwa nje umeshagusa ngozi. Tone moja la kilainishi ndani ya ncha humrudishia mvaaji hisia nyingi, na tone likizidi kondomu huteleza na kutoka. Mkimaliza, shika shina na uitoe uume ukiwa bado umesimama. Mkihamia ukeni, vaeni mpya: ya kwanza huenda imekwaruzwa na meno, na ya ladha ikiwa na sukari inaweza kuchochea fangasi.

Kwa uke na njia ya haja kubwa hutumika kiwambo: kipande chembamba cha lateksi (mpira wa asili), cha mstatili, asili yake ni kwa madaktari wa meno. Si rahisi kukipata, lakini kondomu na mkasi vinatosha. Fungua kondomu, ikunjue yote, kata ncha, kata pete ya shinani, kisha pasua ubavu mmoja kutoka juu hadi chini. Panua. Glavu ya lateksi au nitrili (mpira wa viwandani usio na lateksi) nayo inafaa, na wengi huipenda zaidi kwa upana wake: kata vidole vinne, pasua ubavu ulio mkabala na kidole gumba, na hicho gumba kinabaki kama kimfuko cha ulimi. Ikiwa na unga, isuuze kwanza. Plastiki ya kufunikia chakula haikutengenezwa wala kuidhinishwa kwa kazi hii. Ni ya kutumia pale tu palipokosekana kingine.

Kosa kubwa la kiwambo ni kugeuka. Kikianguka mara moja na kuokotwa gizani, upande uliokuwa ukeni unaweza kuishia mdomoni, na hapo kinga imekwisha. Basi tia alama ya kalamu kwenye kona ya upande wako kabla hamjaanza. Paka tone la kilainishi cha maji au cha silikoni upande wa uke. Hilo ndilo linalofanya kiwambo kishike na joto lipite. Kilaze, usikivute: lateksi iliyovutwa huchanika, na kingo zake huruka kila ukilegeza mkono. Shika kingo kwa mikono miwili, au mwenzako azishike. Kutoka ukeni kwenda njia ya haja kubwa, au kurudi, chukua kipya. Hakioshwi, hakirudiwi.

Mafuta ndiyo adui wa lateksi. Mafuta ya mgando, ya nazi, losheni, hata yale uliyopaka midomoni muda mfupi uliopita, huidhoofisha ndani ya dakika chache. Futa midomo kwanza. Nitrili na poliurethani (plastiki laini ya baadhi ya kondomu) hustahimili mafuta, na ndizo za kuchagua kwa mwenye mzio wa lateksi.

Usipige mswaki wala kupitisha uzi kwenye meno muda mfupi kabla. Fizi zikitoka damu umefungua mlango. Sukutua kwa maji. Mwenye kidonda au malengelenge mdomoni asubiri yapone kabisa, maana kinga hulinda pale tu inapofunika: kidonda cha kaswende kwenye kinena au paja kiko nje ya kondomu na nje ya kiwambo. Kwa HPV na homa ya ini B kuna chanjo, na chanjo haina kingo.

Kinga ikipasuka, tema, sukutua kwa maji, usisugue meno. Kama kuna hofu ya VVU, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Ukienda kupima magonjwa ya zinaa, taja wazi kwamba ni ngono ya mdomo na uombe sampuli ichukuliwe kooni kwa usufi: kipimo cha mkojo hakioni kisonono kilichokaa kooni.