Narnia: usianze na kitabu namba 1

Ukimnunulia mtoto wa miaka 8 hadi 11 hadithi za Narnia za C. S. Lewis, usifuate namba zilizo kwenye jalada. Matoleo mengi ya sasa hutanguliza The Magician's Nephew kwa kuwa matukio yake ndiyo ya mwanzo kabisa. Lakini kilitoka mwaka 1955, cha sita kati ya saba, na kinafichua asili ya kabati ambalo watoto hupitia kuingia Narnia, nchi ya ajabu, na ya taa iliyosimama msituni humo. Mtoto ambaye hajakutana na taa hiyo kwanza hatashtuka akijua ilikotoka, na mshtuko huo ndio uhondo wenyewe!

Mwanzishie The Lion, the Witch and the Wardrobe cha 1950. Kina sura 17 fupi; moja kila usiku, mnamaliza kwa siku 17. Kisha Prince Caspian, watoto wale wale wanarudi.

Kabla ya kulipa, mpe asome ukurasa mmoja wa katikati, akikunja kidole kwa kila neno asilolielewa. Majina ya kubuni msiyahesabu. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, msimwachie peke yake: msomeeni kwa sauti.