Kitabu cha Kujisaidia Unapoumia Moyoni: Kisomwe Vipi

Kitabu cha kujisaidia huanza kufanya kazi pale unaposhika kalamu. Anayemaliza vitabu vinne kwa mwezi bila kufanya zoezi hata moja hupata faraja ya jioni ile tu. Chukua kimoja, cha jambo moja: msiba, talaka, wasiwasi au sonona.

Kabla ya kununua, fungua katikati. Yatafute mazoezi ya kuandika, na mahali panaposema ni lini umwone mtaalamu. Kinachoahidi kupona kwa siku 7, au kinachokushauri uache dawa, kirudishe mezani. Cha mtumba hakina ubaya, ila mara nyingi kurasa za mazoezi zimeshajazwa na mwenyewe wa kwanza, hivyo nunua na daftari.

Siku ya kwanza jipime kwa PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Andika jumla na tarehe. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukipata hapo alama yoyote zaidi ya 0, weka kitabu pembeni, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Jumla ikiwa 10 au zaidi, soma huku ukionana na mtaalamu.

Dakika 20 hadi 30 kwa siku zinatosha, siku 3 au 4 kwa wiki, wala si kitandani, maana utalala na kidonda kibichi. Sura moja kwa wiki.

Zoezi linalojirudia katika vitabu vingi ni la safu: tukio, wazo, hisia (0 hadi 100), ushahidi, wazo jipya, kisha hisia tena. Mfano: rafiki hakujibu ujumbe; "amenichoka"; huzuni 80; lakini wiki jana alinipigia mwenyewe, na sasa yuko kwenye mitihani; "huenda ameelemewa, nitamuuliza Jumamosi"; huzuni 45. Wengi hukwama safu ya pili kwa kuandika "nina huzuni". Hiyo ni hisia, haipimiki kwa ushahidi. Wazo ni sentensi inayoweza kuwa si kweli. Na hata kama kitabu ni cha Kiingereza, andika kwa lugha unayojigombeza nayo moyoni.

Kama uliwahi kubakwa, kupigwa au kunusurika ajali, ruka visa vya manusura unaposoma peke yako. Moyo ukianza kwenda mbio, funga kitabu, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, taja vitu 5 unavyoviona. Ikitokea tena kwenye sura ileile, hiyo ni ya kusoma na mshauri nasaha.

Baada ya wiki 4 rudia PHQ-9. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli. Isiposhuka, usinunue kitabu kingine; beba lile daftari umpelekee mshauri, aanzie kwenye safu zako.