Kuhesabu tondo na kupima mchanganyiko wa mikoko: kazi ya asubuhi tatu za bamvua

Kazi hii inajibu maswali mawili. La kwanza: tondo wangapi wako hapa, na wamekaa vipi? Hilo ni swali la kundi, yaani viumbe wa aina moja wanaoishi pahali pamoja. La pili: miti ya aina gani inaishi pamoja hapa, na ipi imezizidi nyingine nguvu? Hilo ni swali la jumuia. Mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, inatosha kwa yote mawili, na huhitaji maabara.

Tondo (Terebralia palustris), yule konokono mkubwa mweusi wa topeni, anafaa kuliko kaa. Anakwenda polepole, hana gando la kukubana, na gamba lake linashika rangi. Kaa akiona kivuli chako keshaingia shimoni. Wapo wanaohesabu mashimo badala ya kaa wenyewe, lakini shimo moja huweza kuwa na milango miwili, na mengine ni mahame. Ukianza na kaa utajifunza kukasirika kabla ya kujifunza kuhesabu.

Kabla ya kushuka

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo pata ruhusa ya ofisi ya misitu na zungumza na wavuvi wa bandari ndogo iliyo karibu. Kisha tafuta:

- paipu za PVC za nusu inchi na elbo nne, za kuunga fremu ya mraba yenye mita 1 kwa mita 1 ndani;
- kamba ya nailoni ya mita 100, iliyofungwa fundo kila mita;
- futi ya fundi cherehani, na rula iliyogongomewa kwenye kipande cha ubao;
- rangi ya kucha ya kahawia au kijivu, vitambaa vikavu, gundi ya supaglu;
- penseli. Wino wa kalamu unachuruzika karatasi ikilowa. Penseli haina neno.

Miguuni vaa raba kuukuu za kufunga kamba. Buti za mpira hujaa tope, ukavuta mguu ukatoka na soksi. Vaa glavu pia, maana baadhi ya mifereji ya huku hupitisha maji taka ya mitaa.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Fanya kazi wakati wa bamvua, siku moja hadi tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Mombasa, siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Ingia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, toka saa moja na nusu baadaye. Na angalia nyuma yako: maji yakianza kujaa hupitia kwanza vijito vidogo, kwa hiyo njia uliyojia hukatika wakati pale uliposimama pangali pakavu.

Usichanganye hesabu ya bamvua na ya maji mafu. Maji mafu hayafiki sehemu za juu, tope linakauka, na tondo wengi wanatulia au kujizika. Utadhani wamepungua, kumbe wamelala.

Hatua ya 2: Pima eneo na tupa fremu

Tembea kwanza bila kuhesabu. Ukikosa hata tondo mmoja kwa nusu saa, hama. Ukiwapata, pima uwanja wa mita 20 kwa mita 20 kwa kamba ya mafundo, uzipe pande zake mbili namba 0 hadi 19, moja kwa kila mita.

Sasa usiweke fremu pale panapokuvutia. Andika namba 0 hadi 19 kwenye vikaratasi, vitie mkebeni, chomoa kimoja kwa upande huu, kirudishe, chomoa cha upande wa pili. Hapo ndipo fremu inakwenda, hata pakiwa katikati ya mizizi ya mkoko. Kosa linaloharibu kazi nyingi za mikokoni ni kuhesabu kando ya njia za watu, ambako kupita ni rahisi na tondo wamekwisha kukanyagwa au kuokotwa.

Ndani ya fremu pekua majani yaliyoanguka, na pitisha vidole kwenye tope la juu. Mfano wa fremu 10: 0, 0, 1, 0, 7, 0, 2, 0, 0, 5. Jumla 15, wastani 1.5 kwa mita ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 400 ungekuwa na tondo 600.

Lakini usikimbilie hiyo 600. Tafuta varianti, yaani kipimo cha jinsi hesabu zinavyotofautiana: toa wastani kwenye kila hesabu, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha, gawa kwa 9 (idadi ya fremu toa moja). Utapata 6.28. Igawe kwa wastani: 4.2. Ingekuwa karibu na 1, tondo wangekuwa wametapakaa kiholela. Chini ya 1, wamepangana kwa nafasi sawasawa, kama viumbe wanaofukuzana. Hapa ni zaidi ya 4, yaani wamekaa kwa mafungu. Sababu utaiona kwa macho: jani moja la mkoko likianguka, tondo wakubwa hulifuata kwa harufu na kulizunguka, vichwa ndani, makia ya magamba nje.

Mafungu hayo yana gharama. Kwa fremu 10, shaka ya wastani huu (kwa uhakika wa asilimia 95) ni kama 1.8 juu na chini, yaani kubwa kuliko wastani wenyewe. Fremu 40 zenye mtawanyo kama huo zingeishusha hadi kama 0.8. Ndiyo maana fremu 10 ni za kujifunzia tu.

Hatua ya 3: Tia alama

Hii ndiyo njia ya pili ya kupata idadi, na ndiyo tamu zaidi. Okota tondo wa urefu wa sentimita 5 na zaidi kote uwanjani. Wadogo waache: wao hula utandu wa juu ya tope, hawali majani, wanajificha zaidi, na hawakamatiki kwa urahisi ule ule. Wahesabu kwenye fremu katika safu yao peke yao. Ni aina moja, lakini kikazi ni kama wapangaji wawili wa nyumba moja.

Futa gamba kwa kitambaa mpaka likauke kabisa; rangi juu ya unyevu hubanduka kama ganda la yai. Paka doa la ukubwa wa punje ya choroko upande wa chini, karibu na mdomo wa gamba. Usipake kileleni, maana kilele mara nyingi kimelika. Subiri dakika tano, tia tone la supaglu juu yake mbali na nyama, subiri tena. Mrudishe pale pale ulipomwokota. Weka kijiti cha namba unapomwondoa ili usipapoteze.

Kwa nini chini, na kwa nini kahawia? Rangi nyekundu mgongoni inamwita macho mtafutaji. Siku ya pili utaokota wenye alama wengi kuliko haki yao, na hesabu itatoka ndogo. Rangi ikibanduka, kinyume chake: wenye alama watakuwa wachache na hesabu itavimba.

Hatua ya 4: Rudi kesho yake na piga hesabu

Tondo wapewe mizunguko miwili ya maji ili wachanganyike. Ukingoja wiki mbili, wengine watakuwa wametoka, wengine wameingia, na fomyula haijui hayo. Okota upya bila kuchungulia chini ya gamba. Mgeuze akiwa keshaingia ndooni.

Tuseme siku ya kwanza ulitia alama 120 (A). Siku ya pili umeokota 140 (B), kati yao 24 wana alama (D). Hoja ya watafiti Petersen na Lincoln ni kwamba sehemu ya wenye alama ndooni ni sawa na sehemu yao uwanjani: 120 × 140 ÷ 24 = 700. Njia hiyo huzidisha kidogo pale D inapokuwa ndogo, kwa hiyo tumia sahihisho la Chapman la 1951:

(A + 1) × (B + 1) ÷ (D + 1) − 1 = 121 × 141 ÷ 25 − 1 = 681

Upana wa shaka:

(A + 1)(B + 1)(A − D)(B − D) ÷ [(D + 1)² × (D + 2)]

Jibu ni kama 11,692; kipeuo chake cha pili ni 108; zidisha kwa 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95), upate 212. Basi andika “tondo 681, kati ya 469 na 893”. Ile 600 ya fremu imo humo ndani. Njia mbili zikikosana kabisa, shuku alama kabla ya kushuku fremu.

Kabla ya kuondoka, pekua ukanda wa mita 2 nje ya kamba. Ukikuta wenye alama huko, kundi lako halikufungika na idadi imezidi. Mmoja wawili si neno. Kumi ni kazi ya kurudia kwa uwanja mkubwa zaidi.

Hatua ya 5: Miti

Asubuhi ya tatu nyosha kamba kutoka majini kwenda nchi kavu, si sambamba na ufuko. Mikoko hukaa kwa mikanda: mlilana mbele majini, mkoko wenyewe (aina moja ya mti, si jina la wote) nyuma yake, kisha mkandaa na muia, na mchu karibu na nchi kavu, ingawa mchu huonekana pia mbele. Kamba sambamba na ufuko itakupa mkanda mmoja tu, nawe utaamini msitu mzima ni mkoko.

Weka viwanja vya mita 10 kwa 10 kila mita 20. Tambua mti kwa mizizi kwanza: mkoko una mizizi ya matao, muia una magoti, mchu huchomoza mizizi kama penseli. Wanaoanza huchanganya majani ya mkoko na ya muia. La mkoko lina mwiba nchani na vidoa vyeusi chini. La muia halina mwiba.

Pima mzingo kwenye urefu wa sentimita 130. Mkoko wenye matao yaliyopita hapo pimwa sentimita 30 juu ya tao la juu kabisa. Mkandaa wenye mashina matatu ni mti mmoja wenye vipimo vitatu; wengi huandika miti mitatu. Mti wenye mzingo chini ya sentimita 8 uhesabu pamoja na miche, kwenye kona ya mita 5 kwa 5.

Mfano: mkoko 18, mkandaa 9, mchu 2, muia 1, jumla 30. Geuza kila moja kuwa sehemu ya jumla: 0.6, 0.3, 0.067, 0.033. Kwa kipimo cha mchanganyiko cha Simpson, zidisha kila sehemu kwa yenyewe, jumlisha (0.456), toa kwenye 1: 0.544. Huo ndio uwezekano kwamba miti miwili ukiichagua kwa bahati itakuwa aina tofauti. Kwa kipimo cha Shannon, zidisha kila sehemu kwa logi asilia (ln) yake, jumlisha, ondoa alama ya kutoa: 0.96. Pandisha e kwa kipeo cha 0.96 (kitufe cha eˣ kwenye kikokotoo) na utapata 2.6. Yaani aina ziko nne, lakini mchanganyiko wake ni kama wa aina mbili na nusu zenye nguvu sawa. Mimi hupendelea namba hii ya mwisho, kwa sababu hata asiyejua fomyula anaielewa.

Usijumlishe viwanja vyote kabla ya kutazama kimoja kimoja. Kiwanja chenye mkoko mtupu na chenye mchu mtupu kila kimoja kina 1.0, lakini ukivichanganya kwa miti sawa utapata 2.0, namba ambayo haipo popote pale topeni.

Pigilia vipande vya PVC kwenye kona za viwanja ili uvipate miezi sita ijayo, bamvua kwa bamvua. Usitumie vigingi vya mti. Vitakuwa kuni kabla ya mwezi kuisha.