Amplifaya ya mtumba kutoka Japani: kabla hujaichomeka

Igeuze nyuma kabla hujauliza bei. Karibu na waya wa umeme unapoingilia pana maandishi: AC 100V 50/60Hz. Hiyo ilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja transfoma yake inapata zaidi ya mara mbili ya inachostahimili. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo, utasikia harufu. Ikiandikwa 120V ni ya Marekani, na 220 au 240 ni ya Ulaya au Uingereza, hiyo chomeka. Chache zina swichi ya kuchagulia volti, inayozungushwa kwa bisibisi bapa. Hizo ziliuzwa nje ya Japani na zinastahili kuongezwa hela kidogo, ila hakikisha mshale umesimama penye 220 au 240. Plagi isikudanganye. Muuzaji hubadilisha plagi kwa dakika mbili, transfoma hawezi.

Ya volti 100 inafaa kabisa, mradi uinunulie transfoma ya kushusha umeme. Nyingi zinazouzwa hushusha hadi 110. Sasa umeme wa mtaani ukipanda hadi 245, kitu hicho kinatoa 117, na amplifaya ya 100 inashinda inachemka. Tafuta yenye tundu la 100, na uipime kwa mita palepale dukani. Kwa ukubwa, soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya uzidishe kwa mbili: ya wati 200 inataka transfoma ya VA 400 au 500 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, kimeandikwa juu yake). Transfoma ya kweli ya ukubwa huo ni nzito, ina shaba na chuma ndani. Kile kiboksi chepesi cha wasafiri kilichoandikwa wati 1600 ni cha pasi na vikausha nywele; kinaua amplifaya.

Kama unanunua na redio yake, kumbuka yale yale ya magari ya Japani: FM yao huanzia megahezi 76 na za zamani huishia 90, yetu ni 88 hadi 108. Utapata stesheni mbili tatu za mwanzo, basi. Pleya ya santuri nayo itazame mota. Zenye mota inayofuata mzunguko wa umeme, ikiwa imefungwa puli ya hezi 60, kwetu kwenye hezi 50 itazungusha santuri ya 33 na theluthi kwa mizunguko kama 28 kwa dakika, na mwimbaji atasikika kama ana usingizi. Zenye mota ya DC au ya kuzungusha sahani moja kwa moja kwa kidhibiti cha kwatzi hazina shida hiyo.

Unapokwenda kuinunua, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, beba mita, betri moja ya AA, waya wa kuunganisha simu na tochi. Usifunge spika kwanza. Fanya hivi:

1. Washa, sauti ikiwa sifuri. Baada ya sekunde tatu hadi sita usikie "tak": ni relei, swichi ya ndani ya kulinda spika, imefunga. Isipolia, amplifaya imegundua hitilafu ndani, au relei yenyewe imekufa. Ndogo na za zamani sana nyingine hazina relei, basi usitegemee mlio peke yake.

2. Weka mita kwenye milivolti za DC, ncha moja kwenye tundu jekundu la spika, nyingine kwenye jeusi. Kushoto kisha kulia. Chini ya 50 ni salama. Ikipita 100 punguza bei au ondoka. Ukisoma volti nzima nzima, transista za kutolea sauti zimeungua, na spika yoyote utakayofunga itateketea koili.

3. Sasa funga spika ndogo usiyoionea uchungu, cheza wimbo, na uzungushe kila nobu na kila swichi mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo wa nobu ni uchafu tu, unasafishika. Upande mmoja unaopotea na kurudi ukigusa swichi nao mara nyingi ni uchafu. Upande unaopotea amplifaya ikipata moto ni jambo jingine: risasi ya kuchomelea iliyopasuka au transista inayochoka.

4. Iache icheze dakika 20. Pande zote mbili za kipoza joto zilingane uvuguvugu. Mngurumo mzito usiobadilika ukipandisha sauti ni kapasita kubwa za umeme (yale makopo ya kuhifadhi chaji) zimekauka.

Ukikataliwa dakika 20, hilo nalo ni jibu.

Kwenye spika, vua kitambaa cha mbele na umulike ukingo wa koni, ile sehemu inayotikisika. Ukingo wa sponji huoza wenyewe, hata spika ikiwa imekaa stoo haijaguswa, na joto la pwani huharakisha. Bonyeza taratibu kwa kidole: sponji mbovu inamegeka kama keki iliyokauka na kuacha unga mweusi unaonata. Hiyo si sababu ya kukimbia, maana sponji mpya hubandikwa na fundi mwenye subira, mradi koni iwekwe katikati sawasawa na gundi iachwe usiku kucha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Kisha sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, iache.

Mita kwenye omu: spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Kipimo hicho kwa kawaida kinaonyesha spika ya besi peke yake, maana twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, iko nyuma ya kapasita ambayo DC haipiti. Twita ipime kwa sikio: cheza muziki wenye matoazi na usogeze sikio karibu nayo.

Nyumbani, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha hadi mita 10. Vaa miwani ukitazama: waya mwingi wa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ukiwa mweupe ndani umeuziwa aluminiamu. Chanya kwa chanya pande zote mbili. Kama rangi za matundu zimefutika, gusisha betri ya AA kwa sekunde moja: koni ikiruka mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ukikosea upande mmoja, besi inatoweka katikati ya chumba, na wengi hulaumu spika bure.

Jozi mbili za omu 8 kwenye A na B kwa pamoja huwa omu 4 kwa amplifaya nyingi. Soma nyuma kama inaruhusu. Simu iingie AUX au CD, kamwe isiingie PHONO, kwani tundu hilo ni la sindano ya santuri inayotoa milivolti chache tu. Pleya ya santuri ikinguruma, tafuta waya wake mwembamba wa ethi na uufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND.

Halafu kile kitambaa cha kufuma. Kinapendeza kwenye kochi; juu ya amplifaya kinaziba matundu ya hewa. Acha sentimita 10 wazi juu, na usiipandishie dekoda. Mende hupenda joto la transfoma na kinyesi chao hula njia za shaba kwenye bodi, kwa hiyo kila miezi sita chomoa umeme, subiri nusu saa, fungua kifuniko na uondoe vumbi kwa brashi laini. Usiguse kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa, hushikilia chaji. Nobu zinazokwaruza zipulizie dawa ya kusafishia kontakti, kidogo, kisha uzizungushe mara 30. Mafuta ya kulegezea kutu hayafai, huacha utelezi unaonasa vumbi. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huja kwa kishindo.

Fundi akikuambia STK imekufa (kile kipande kimoja cheusi chenye sakiti ya kukuzia sauti), muulize ya kubadilisha ameitoa wapi, kwani za bandia zimejaa na hufa siku ya kwanza ukipandisha sauti. Kabla ya kuichomeka upya baada ya matengenezo, mwambie aiwashe kupitia balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, ni nzima. Ikibaki inang'aa, bado kuna shoti, na balbu imekuokolea vipuri. Na ukifungua ukakuta fyuzi imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, weka fyuzi yenye ampea zilizoandikwa pembeni ya kishikio chake kabla ya jambo jingine lolote, uone kama itadumu.