Mwandishi, jaza ukurasa wako hivi

Nauza vitabu Mombasa, katika kijiduka cha uchochoroni karibu na Digo Road, na nusu ya kazi yangu ni kujibu maswali. Mteja akimaliza kitabu kikamkaa moyoni, hurudi kutaka habari za aliyekiandika. Hapo hutoa simu, nikatafuta jina, tukasoma pamoja. Mara nyingi twatoka kapa: ukurasa wa mwandishi upo na umejaa sifa, lakini alichouliza mteja hakimo. Kwa hiyo nawaandikia waandishi, hasa wa huku kwetu pwani, niwaeleze wasomaji wanatafuta nini na mnavyoweza kuwawekea.

Maswali yenyewe ni yaleyale. Ana kingine? Nianze na kipi? Ni mtu wa wapi? Yu hai? Nitakipata wapi? Shahada za mwandishi sijaulizwa bado.

Jitafute kwanza

Ingia Google, andika jina lako kama lilivyo kwenye jalada, ufungue kila kinachokuja: Goodreads (tovuti ambako wasomaji huorodhesha vitabu na kuvipa nyota na maoni), Amazon, Facebook, tovuti ya mchapishaji wako. Usishangae kukuta una ukurasa Goodreads ambao hukuufungua. Kitabu chako kikiingizwa na mtu mwingine, ukurasa wenye jina lako huzaliwa hapohapo, na hubaki mtupu mpaka uudai. Kuudai si kazi. Fungua akaunti ya kawaida, tafuta kitabu chako, bonyeza jina lako, ushuke mpaka chini ya ukurasa. Utakuta swali la Kiingereza likiuliza kama mtu huyo ni wewe. Jibu, kisha ngoja barua pepe. Ukikubaliwa, utaweza kuandika maelezo na kuweka picha mwenyewe.

Kama kitabu hakionekani popote, tazama jalada la nyuma kama kina ISBN, ile nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Za Kenya nyingi zina 9966 baada ya 978, na hapa nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa. Kitabu ulichojichapishia bila nambari hiyo, maduka na maktaba huwa na taabu kukiorodhesha, na msomaji naye hatakiona.

Jina

Hapa sisi watu wa pwani tuna shida yetu wenyewe, na nitaikalia kidogo. Majina yetu ni machache na watu ni wengi. Omar Said wako wangapi kutoka Mtwapa hadi Likoni? Ali Mohamed je? Goodreads haiwezi kuwatenganisha waandishi wenye jina moja mpaka mtu aingilie, kwa hiyo riwaya yako ya Kiswahili huweza kukaa chini ya mtu wa Marekani aliyeandika kuhusu injini. Wenyewe huwatenganisha kwa kuongeza nafasi kati ya jina la kwanza na la pili: mmoja ana nafasi moja, mwingine mbili, mwingine tatu. Kwa macho huoni tofauti yoyote, ila kompyuta yaiona. Ukikuta vitabu vyako vimechanganywa na vya mtu mwingine, waandikie wale wasomaji wa kujitolea wanaosimamia orodha za vitabu huko, ukitaja ISBN ya kila kitabu chako. Husaidia bila malipo.

Njia bora ni kuzuia mapema. Tumia majina matatu, tahajia moja, kila mahali. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja kwenye harusi na watu watatu kwenye intaneti. Kama jalada la kwanza lilikwenda na Ahmed na la pili na Ahmad, chagua moja leo, umwambie na mchapishaji.

Mistari miwili ya mwanzo

Wasomaji wako wako kwenye simu. Kurasa nyingi huonyesha mistari michache tu ya maelezo, kisha hukata mpaka mtu abonyeze aendelee. Wengi hawabonyezi. Kilicho cha maana kwa msomaji kiwe juu ya pale panapokatwa.

Mwandishi mmoja wa Kisauni aliniletea maelezo yake niyatazame. Yalianza hivi: "Ni mwandishi mahiri, mshairi mbobezi na mlezi wa vipaji, aliyetunukiwa vyeti mbalimbali ndani na nje ya nchi." Nikamuuliza, "Kaka, mtu akisoma haya, anajua wewe waandika nini?" Akanyamaza, halafu akavuta kiti. Tukakaa kaunta tukaandika upya:

"Naandika hadithi za wavuvi na wachukuzi wa bandarini. Nimezaliwa Majengo, sasa naishi Kisauni. Riwaya zangu ni tatu, zote kwa Kiswahili. Ya kwanza na ya pili ni hadithi moja inayoendelea. Ya tatu yajitegemea."

Ona ilivyofanya kazi. Msomaji ameshajua aina ya hadithi, mtu atokako, lugha na pa kuanzia. Vyeti vikae chini, kwa atakayevitaka. Tuzo inayojulikana itaje kwa jina na mwaka, mara moja, basi. "Mwandishi mashuhuri" ni neno la wasomaji kukupa wewe. Ukijipa mwenyewe, mteja wangu huinua macho kutoka kwenye simu na kunitazama mimi.

Lugha usiisahau. Wengi wenu mwaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, na majalada mengine hayaelezi. Na kama ni vitabu vya watoto, andika umri. Mzazi aliyesimama mbele yangu ana pesa mkononi na shaka moja tu: je, mwanawe wa gredi ya nne atakiweza?

Vitabu na mpangilio wake

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu mimi ndiye nirudishiwaye kitabu. Mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni, akaniwekea riwaya juu ya kaunta. "Dadangu, mwanangu asema hichi chaanza katikati." Nikakigeuza mbele na nyuma, hakuna palipoandikwa kuwa ni cha pili. Tukafungua ukurasa wa mwandishi: picha nzuri, hotuba ndefu ya shukrani, vitabu vimepangwa ovyo. Niligundua kile cha kwanza kwa kulinganisha miaka ya kuchapishwa kwenye tovuti ya mchapishaji.

Basi panga vitabu vyako kwa miaka, na kila kimoja kipe mstari mmoja: ni riwaya, diwani au tamthilia, kimetoka mwaka gani, kinajitegemea au kinafuata kingine. Kilichokwisha madukani kiandike kuwa kimekwisha. Watu huzunguka mji mzima, Mwembe Tayari mpaka Nyali, wakitafuta kitabu ambacho mwandishi anajua fika hakipo. Na ukiwa waandika kingine, sema. "Cha tatu kiko njiani" yatosha kumfanya mteja aniachie nambari yake ya simu.

Kitapatikana wapi

"Kinapatikana Amazon" humsaidia msomaji wa Uingereza. Msomaji wa Changamwe akiona gharama ya kusafirisha nakala moja hufunga simu. Taja duka na mtaa, au mchapishaji anayetuma. Ukiuza mwenyewe, eleza bei, kama wapokea M-Pesa, na kifurushi hutumwa vipi kwa walio nje ya Mombasa. Kwa malipo, afadhali nambari ya till yenye jina la biashara kuliko laini yako binafsi. Laini binafsi ikikaa hadharani, matapeli nao huisoma. Vivyo hivyo mtaa unatosha. Nyumba usiielekeze, na watoto wako na shule wanayosoma usiwataje.

Picha

Picha moja, ya karibuni, uso kwenye mwanga. Faili iwe ndogo, bando ni pesa. Dada zangu wanaovaa nikabu huniuliza wafanyeje: weka jalada la kitabu, au meza yako ya kuandikia. Msomaji hana neno na hilo. Kinachomtia shaka ni kile kivuli cha kijivu kinachowekwa na tovuti pale pasipo na picha, kwa sababu huonyesha kuwa hapajakaliwa na mtu.

Nyota na maoni

Usimjibu msomaji aliyekupa nyota mbili. Usimshukuru hata aliyekupa tano chini ya maoni yake. Pale wanazungumza wao kwa wao, na mwandishi akiingia wananyamaza. Wawekee pahali pengine pa kukuuliza, barua pepe au ukurasa wa Facebook, na uwajibu huko.

Waliotangulia

Neno kwa familia. Wazee wetu wengi walioandika wamefariki, na mtandaoni hawana mwaka wa kuzaliwa, wala mji, wala kauli kuwa wametangulia. Wanafunzi waliopewa kazi ya wasifu wa mshairi hunijia na daftari tupu, na hakuna wanachopata ila uvumi. Ukiwa mtoto au mjukuu, wapelekee mchapishaji na wasimamizi wa orodha mambo manne: jina kamili, alipozaliwa na lini, alipofariki na lini, na orodha ya kazi zake. Wikipedia haipendi mtu aandike habari zake au za jamaa yake, lakini kwenye ukurasa wa mjadala wa makala waweza kuonyesha gazeti au kitabu kilichomtaja, wengine waandike.

Lini urudi

Pitia ukurasa wako Disemba, kabla ya shule kufunguliwa Januari, maana ndipo wazazi na walimu hutafuta. Rudi tena kila utoapo kitabu. Angalia linki kama zingali zafunguka, bei kama ni ya sasa, na duka ulilolitaja kama halijahama. Ukibadilisha nambari ya simu, ibadilishe na huko siku hiyohiyo.