Maganda ya muhogo kuwa alkoholi ya jiko: namna ninavyofanya Bukavu

Kila jioni sokoni Kadutu maganda ya muhogo hutupwa mtaroni, na asubuhi mama zetu hununua makaa kwa bei inayouma. Maganda hayo yana wanga mwingi. Mimi nayageuza kuwa alkoholi ya kupikia, hivi:

1. Osha udongo, katakata, anika juani hadi yavunjike mkononi, kisha saga. Maganda yana sumu ya muhogo mchungu. Kuyakata na kuyaanika kunaipunguza.

2. Pika uji: kilo 10 za unga, lita 40 za maji, saa moja. Pikia nje, sufuria ikiwa wazi, wala usiinamie mvuke.

3. Hapa ndipo wengi huharibu. Hamira hailishwi wanga, inakula sukari. Nilipoanza nilitia hamira moja kwa moja kwenye uji, nikangoja wiki nzima, nikapata uji uliochacha tu. Kinachogeuza wanga kuwa sukari ni kimea. Loweka mtama siku moja, ufunike kwa majani ya mgomba siku 4 au 5 mpaka uote, uanike, usage. Uji ukipoa hadi nyuzi 62 au 65, tia kilo 2 za kimea na ukoroge. Ukikitia uji ukichemka, umekiua. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole. Funika sufuria kwa blanketi saa 2. Uji mzito utalegea wenyewe, nami hufurahi kila ninapouona.

Pima: tone la uji uliopoa kwenye sahani nyeupe, juu yake tone la iodini ya duka la dawa. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo, ngoja zaidi. (Wenye ndizi mbivu za kisiwa cha Idjwi waruke hatua ya 3 yote, sukari wanayo tayari.)

4. Uji ukifika nyuzi 30, tia gramu 50 za hamira, umimine kwenye bido (dumu la plastiki). Usilizibe kabisa, gesi italipasua: pitisha mpira kwenye kifuniko, ncha yake izame ndani ya chupa ya maji. Mapovu yakikoma, baada ya siku 4 au 5, iko tayari.

5. Keneka, yaani chemsha na kuupoza mvuke uwe matone, kwa bomba la shaba linalopita kwenye pipa la maji baridi. Moto uwe mbali na mdomo unaotonea. Vitabu husema alkoholi huchemka kwa nyuzi 78. Hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ni kama 74. Keneka mara ya pili ipate nguvu. Mimi hupata karibu lita 2.

Matone ya kwanza siyamwagi, nayo yanawaka. Yana methanoli, inayopofusha na kuua, kwa hiyo asionje mtu. Bandika alama kwenye chupa, watoto wasifikie. Mwali wake mchana hauonekani: usiongeze alkoholi mpaka jiko limepoa kiasi cha kulishika kwa kiganja.