Ukinunua spika ya besi, tazama Xmax kabla ya wati

Wati zilizoandikwa nyuma ya spika zinaeleza koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni, ile sehemu ya mbele inayotetema) itavumilia umeme kiasi gani kabla ya kuungua. Hazikuambii sauti itaanza kukwaruza wapi. Hilo huamuliwa zaidi na mwendo wa koili ndani ya pengo la sumaku: ikianza kutoka nje ya pengo, nguvu inayoisukuma hupungua, na koni haifuati tena muziki sawasawa. Ndiyo maana koili nyingi za besi hutengenezwa ndefu kuliko pengo. Koili ya milimita 16 kwenye pengo la milimita 6 ina takriban milimita 5 za mwendo safi kila upande, na kipimo hicho ndicho Xmax. Pete ya shaba karibu na koili nayo hupunguza mkwaruzo, hasa kwa sauti za waimbaji.

Kama tayari una spika ndogo, kata besi chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kwenye mikisa. Kwenye boksi lisilo na tundu, hezi zikishuka nusu, koni hulazimika kusogea umbali mara nne ya ule wa mwanzo ili kutoa sauti ya nguvu ileile.